Kifungu cha Samaki Mmoja

Jumatatu, 8 Agosti 1988

Zawadi ya mashindano ya klabu yetu ya uvuvi wa ndoano imetangazwa leo. Friza! Mpya, nyeupe, inafunguliwa kwa juu kama kasha la askofu. Mwenye duka aliyeitoa ameiweka dirishani. Nimepita hapo mara nyingi hadi mlinzi ameanza kunisalimia kwa jina.

Beldina naye amepita. Mke wangu huuza samaki ufukweni Dunga. Asiyenunuliwa kufikia jioni ni hasara tupu. Sasa kuna hoteli mjini inataka awe akiwapelekea samaki kila siku, kwa sharti moja tu: awe na mahali pa kuwagandisha. Hana. Wamempa hadi mwisho wa mwezi. Kaniambia, "Baba Dorca, nishindie hiyo kitu." Nimeapa.

Adui ni mmoja. Gordon, fundi wa reli, mshindi wa mwaka jana. Alirudi na mashua imejaa pomoni, mbuta wakubwa juu ya ngege wadogo, ngege juu ya mbuta, wa chini wameshaanza kunuka. Ikahesabiwa jumla ya kilo. Huo ni mchezo? Huo ni uporaji! Ziwa si shamba la mamake.

Mimi ni karani wa mahakama. Nimeshinda maisha yangu yote kati ya vifungu vya sheria. Gordon atashindwa kabla hajatia ndoano majini.

Jumatano, 10 Agosti

Mkutano wa kanuni. Nilisimama. Nikahutubu. Nikauliza watoto wetu watavua nini, mifupa? Mzee Absalom, mwenyekiti, aliniomba nifupishe. Sikufupisha. Nikapendekeza kila mshindani alete samaki mmoja tu, wengine warudishwe majini wakiwa hai.

Kelele! Mtu mmoja wa nyuma akataka kujua ni mwendawazimu gani anarudisha mboga ziwani. Nikamwambia huo ndio ustaarabu. Gordon alikuwa anatabasamu tu. Kisha akainuka, akaniunga mkono! Kifungu kikapita.

Nikaongeza kingine kukiwa bado na moto. Atakayeleta samaki ambaye hakumvua kwa ndoano yake mwenyewe afungiwe miaka mitatu, na jina lake liandikwe kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa klabu. Makofi! Wezi wakome.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimeelewa kwa nini Gordon alitabasamu.

Samaki mmoja maana yake ni samaki mkubwa. Gordon huvua mbuta. Mimi tangu utoto huvua ngege. Ngege wengi, sikatai, lakini ngege. Mkubwa wangu wa mwisho alienea kwenye sahani na nafasi ya ugali ikabaki.

Nimekwenda kwa Mzee Absalom kumwomba tuhesabu idadi. Akanikumbusha mifupa. Akasema alimsimulia mkewe hotuba yangu yote na mama wa watu akalia.

Nikaomba basi tupige marufuku chambo hai, kwa sababu Gordon hutumia chambo hai. Akasema, "Enos, kanuni zimefungwa. Nenda ukavue."

Kuvua! Kana kwamba ndilo jambo lenyewe.

Jumapili, 14 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilikwenda kufanya mazoezi ya mbuta. Baada ya kungoja sana, ndoano ikashika. Kitu kizito! Mashua ikalala ubavu. Nilipigana nacho, nikakitukana, nikakiombea mabaya. Kikaja juu polepole. Wavu. Wavu wa Oduor, mvuvi wa Dunga, umepasuka katikati.

Oduor alikuja akipiga makasia kwa hasira. Alitaja ukoo wangu hadi vizazi ambavyo mimi mwenyewe sivijui. Alipochoka akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia mbuta. Akacheka. Akauliza kwa nini mtu wa ofisi ajitese, ilhali yeye huwatoa kila alfajiri.

Nikamtazama. Akanitazama. Wavu ukasahauliwa.

Alhamisi, 18 Agosti

Dhamiri yangu imetulia. Nimekisoma tena kifungu changu, nikakisoma kama hakimu. Kinasema samaki avuliwe kwa ndoano ya mshindani. Sawa. Oduor atamleta mbuta nyuma ya mafunjo. Atamteremsha majini. Nitamtia ndoano yangu mdomoni na kumvuta. Kisheria nimemvua! Alikuwa wapi kabla ya hapo, hilo kifungu hakiulizi. Kama alikuwa hai, hakiulizi pia.

Mtu mwingine angeuita udanganyifu. Mtu huyo hajafanya kazi mahakamani.

Bei ya Oduor ni ya ng'ombe, si ya samaki. Nimelipa.

Jumamosi, 20 Agosti

Niandike upesi.

Oduor alichelewa. Alifika anatoka jasho, anaangalia nyuma kila mara. Lakini samaki! Mbuta kama mtoto wa shule. Tukamteremsha. Akazama. Nikavuta, ndoano ikachomoka. Oduor akajitosa na nguo zake, akamleta akimkumbatia. Nikamtia ndoano upya, nikamvua kwa heshima zote.

Niliona pezi lake la mgongoni limekatwa mara mbili, safi kama kwa kisu. Nikauliza. Oduor akasema ni kiboko. Sikuendelea. Kiboko ana mambo yake.

Mizani ilipoteremka, watu walipiga vigelegele. Mbuta wa Gordon alionekana kama chambo cha wangu. Mzee Absalom akaushika mkono wangu, akauinua juu. Juu kabisa! Nikamwona Gordon ananiangalia kama mtu anayepiga hesabu na hesabu haiingii.

Ndipo wakaitwa akina mama wa Dunga, maana baada ya kupimwa samaki huuzwa hapo hapo. Beldina alikuwa mbele na karai lake. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia samaki.

Kuna jambo sikulijua, na nimekaa na mwanamke huyu miaka yote hii. Mama akinunua samaki akiwa bado kwenye mashua, humkata pezi kwa alama yake, asichukuliwe na mwingine wakati yeye anatafuta mkokoteni. Kila mmoja ana mkato wake. Wa Beldina ni wa mara mbili, kwenye pezi la mgongoni.

"Huyu ni samaki wangu!" Sauti ilifika hadi bandarini. Akaeleza mbele ya wote. Alimlipa Oduor alfajiri. Aliporudi na mkokoteni, Oduor akamwambia samaki ameruka, amerudi ziwani. "Nikamuuliza, maiti inaruka?"

Wenzake wakathibitisha mkato. Hata Gordon alikuwa anaujua mkato! Kisha Beldina akafuata kamba ya ndoano kwa macho, polepole, hadi kwenye mkono ulioishika.

Akaliweka karai chini.

"Baba Dorca. Ni wewe ulinunua samaki yangu?"

Nikaanza kueleza kifungu. Nilipofika mahali pa "kisheria", Gordon akaniuliza kwa upole, "Omera, ndugu yangu, huyu ulimvua kwa ndoano ama kwa mshahara?" Sikusikia tena sauti yangu. Walicheka hadi mwenye mizani akakaa chini.

Friza imekwenda kwa Gordon. Oduor hajaonekana.

Jumapili, 21 Agosti

Wameandika jina langu ukutani. Nyekundu. Mchoraji alikuja kwangu kuazima ngazi, na mimi, kwa ujinga, nikampa kabla sijauliza ni ya nini.

Chakula cha mchana ni ugali mtupu. Nikauliza mboga iko wapi. Beldina akasema mboga imerudishwa ziwani, ndio ustaarabu. Halafu akaenda jikoni na hakurudi. Nilimsikia anahesabu siku zilizobaki za ile hoteli. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie.

Alhamisi, 25 Agosti

Gordon amekuja nyumbani! Nilidhani amekuja kunicheka, nikajiandaa kwa majibu makali. Hakunijia mimi. Alimjia Beldina.

Kumbe kwake hakuna umeme. Friza imekaa siku zote hizi, kuku wanalala ndani. Akapendekeza iwekwe kwetu, kwa kuwa nyumba za mahakama zina stima. Yeye atavua, Mama Dorca atauza, faida wagawane. Beldina alikubali kabla hajamaliza sentensi. Nikasema kama mwenye nyumba ninayo maoni. Wakaendelea kuzungumza.

Sasa imo sebuleni. Mahali pekee palipotosha ni pale kwenye kiti changu. Kiti kiko nje. Gordon alikikalia huko huko akinywa chai yangu.

Jumamosi, 27 Agosti

Hoteli imekubali! Beldina ameanza kuimba asubuhi. Ameniwekea ngege mzima kwenye sahani, nadhani kwa bahati mbaya. Friza inanguruma usiku kucha. Gordon huingia bila kubisha.

Ushindi wake umetokana na uzembe wa kanuni, wala si ufundi. Nimezisoma upya, moja baada ya nyingine. Zinataka samaki aletwe siku ya mashindano. Alikufa mwezi gani? Hazisemi! Zimemfungia Enos. Shemeji yangu Laban hazijamfungia. Laban hajawahi kuvua hata kambare, lakini ana mikono miwili na hasemi sana. Nimeshamwandikisha kwa mashindano ya mwakani.

Nimempata Oduor pia. Amejificha Port Victoria. Ametuma salamu kwamba ana mbuta mkubwa kuliko yule. Nimemwambia safari hii alete mwenye mapezi mazima, nitayakagua moja moja mimi mwenyewe. Mimi si mtu wa kudanganywa mara mbili.

Mahali pa kumweka hadi Agosti ya mwakani ninapo. Chini kabisa ya friza, chini ya samaki wa Gordon. Hakuna anayeifungua ila Beldina, na kwa biashara ilivyomshika siku hizi, hataweza kumjua kila samaki aliyemo.