Malalamiko Juu ya Leza Iliyolikataa Bomba Langu

Liuli, Ziwa Nyasa

Ndugu Afisa Biashara, Mbinga,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Lakini nina mashaka na hilo, kwa hiyo nakutangulizia marahaba. Mimi ni Cleopa Urbani. Kama hunijui, uliza mtu yeyote wa Liuli ni nani alichimba mtaro wa bomba la kwanza la maji. Watakutajia watu wengi. Hao walikuwepo. Aliyechimba ni mimi.

Mwaka huu bomba lile limeng'olewa, limewekwa jipya, nami nikaokota kipande changu. Jumapili ijayo mimi na mke wangu Ottilia tunabarikiwa kanisani kwa miaka hamsini ya ndoa. Nimetangaza kwamba siku hiyo nitapigilia juu ya mlango wetu kibao chenye majina yetu, kilichochorwa kwenye bomba hilohilo. Nimeshatangaza, Mheshimiwa, hata kwa wasionipenda. Sasa kuna mtu anataka kuniaibisha, na leseni yake ameipata kwako.

Mtu huyo ni Asteria, mjukuu wangu, mwenye duka la vibao hapo Mbinga mjini. Ana mashine ya leza, inachora na kukata kwa mwanga tu, bila msumeno wala patasi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilianza kwa kumpelekea mfuniko wa pipa la bluu, nimpime. Mwanga ulipopita, plastiki ikayeyuka ikajiziba palepale, jina langu likapotea kama nimeliandika kwenye uji. Akasema plastiki ya namna hiyo ni laini mno. Mimi nasema mashine haina mkono mzito.

2. Nikampa kipande cha bati la plastiki, lile la kupitisha mwanga paani. Likaungua rangi ya kahawia, "Cleopa" ikawa kama ukoko wa sufuria. Hapo akanionyesha akriliki, plastiki inayong'aa kama kioo, akasema hiyo leza inaipenda na atanichorea bure. Nakuuliza, Mheshimiwa, hiyo akriliki imepita kwenye mtaro gani?

3. Hili ndilo kubwa. Nilitoa bomba. Nilikuwa nimelipasua kwa urefu na kulifukia kwenye mchanga wa ufukweni uliopashwa moto, likalainika, nikalikandamiza kwa mawe hadi likawa bapa. Halikunidhuru hata unywele. Asteria hakuliweka hata kwenye mashine. Alichoma waya wa shaba, akaugusisha kwenye bomba, akaurudisha motoni, na moto ukageuka kijani. Akasema kijani hicho ni dalili ya sumu. Nikamkumbusha kwamba kwenye bendera ya taifa kijani kiko juu kabisa. Akauzima moto.

4. Hapa sasa naomba sheria. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu kwa utani. Huyu tangu anatambaa ananiita mume wangu, anasema nimezeeka ataniacha aolewe na kijana, nami namjibu kwamba mahari yake nililipa bakuli moja la dagaa wa usipa, tena waliooza. Basi mbele ya wateja aliniambia: "Mume wangu, bomba hili likipigwa leza linatoa hewa ya kuunguza mapafu. Mashine italiwa na kutu, na mimi utanizika kabla ya jubilei yako."

Wateja wakacheka, nami nikacheka. Mtu na babu yake, maneno ya kuzikana ndiyo salamu yetu ya kila siku. Nitajuaje kwamba safari hii hatanii? Nikamjibu kwamba nitazika na kuoa mwingine. Akazima mashine, akanishika mkono kwa adabu zote, akanifikisha stendi na kunikatia tiketi ya kurudi. Je, mke anaruhusiwa kumsafirisha mume?

Kwa hiyo naomba uiamuru mashine ichore. Ikiogopa moshi, iletwe huku ufukweni, upepo upo, utaupeleka ng'ambo ya ziwa, na watu wa kule ni majirani wavumilivu. Ikikaidi, ifutiwe leseni mashine peke yake, Asteria usimguse, maana ndiye atakayepika siku ya sherehe. Ikishindikana na hilo, serikali itangaze kwamba bomba lolote lililochimbiwa na mzee halina sumu.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mlinzi wa getini, na mama watoto wako, na mama yake aliyemlea vizuri. Jumapili mnakaribishwa, njooni na viti.

Ni mimi nisiyeshindwa na mtambo,
Cleopa Urbani, mchimba mtaro.

Nyongeza: Kabla sijapata mtu wa kuileta barua hii, niliona nisikusumbue. Nilitia msumari mnene kwenye mkaa hadi ukawa mwekundu, nikaanza kulichora bomba mwenyewe, jikoni, mlango nimeufunga ili wapita njia wasiibe ujuzi. Moshi uliotoka, Mheshimiwa, haukuwa wa utani. Kuku wamehamia kwa jirani. Ottilia alinivuta nje kwa kola, na sasa tumekaa uani tunakohoa kwa zamu, naye akimaliza kukohoa anacheka. Leseni ya Asteria usiiguse. Kama kuna kubwa zaidi, mpe. Nimeshamtumia ujumbe achore hiyo akriliki. Msumari wangu ulikuwa umefika herufi tatu tu: O, T, T. Ottilia ameziona. Wewe usimwambie mtu mwingine kwamba nilianza na jina lake.