Mwisho wa Filamu ya Ng'ombe, Kama Nilivyouona Mimi

Jumatatu, 7 Agosti 2000

Dada Mbeke amenipa hadi Jumapili. Nisipopata kazi, Jumatatu asubuhi ananipandisha gari la Loitokitok nikashukie Illasit, nikapalilie vitunguu vya mjomba. Ameshatuma neno. Mjomba amejibu kwamba jembe langu liko palepale nilipoliacha.

Mimi si mtu wa vitunguu. Mimi ni mtu wa maoni. Noonkopir nzima, mtaa wetu hapa Kitengela, inajua. Ukitaka kujua kama filamu ni ya maana, au kama aliyeandika riwaya fulani alikuwa na akili timamu, unamuuliza Muteti. Hata usipomuuliza, anakuambia.

Na leo nimesikia habari. Hamse, mwenye video na vitabu vya kukodisha nyuma ya soko, amechoka kwenda Nairobi kuchagua kanda na riwaya. Anatafuta mtu wa kumchagulia. Atamtaja Jumapili jioni, akishasikiliza maoni ya watu juu ya filamu ya ng'ombe. Kulipwa kwa kuwa na maoni! Kazi hii nimekuwa nikiifanya bure tangu kidato cha pili.

Jumanne, 8 Agosti

Nimeenda kwa Hamse mapema kukalia benchi la mbele, ili auone uso wangu. Nimekuta Sironka ameshalikalia. Sironka ni dalali wa mbuzi. Huja na shuka na rungu, huchukua nafasi ya watu wawili, na anaitaka kazi ileile. Maoni yake juu ya kila filamu ni mifugo. Leo amesema mbele ya watu kwamba ng'ombe wa filamu hii hawajanyweshwa maji tangu mwanzo, na kwamba aliyeitengeneza anafaa kuulizwa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Upuuzi mtupu.

Niieleze filamu yenyewe, ili siku moja wajukuu wangu waelewe. Jina la kanda limefutika kwa kushikwashikwa, ndiyo maana tunaiita filamu ya ng'ombe tu. Kuna mwanamume wa kofia nyeupe. Ndugu yake mdogo ameuawa, au ndivyo alivyoambiwa. Anamtafuta muuaji mabonde na milima. Kuna mjane mwenye shamba, mkali, mrembo. Mwishowe kofia nyeupe anafika kwenye ghala la mjane, anasikia mtu akikohoa ndani, anashika bunduki, anausukuma mlango, na hapo stima inapotea na televisheni inazimika.

Inapotea hapo kila siku. Mvua imegoma, mabwawa yamekauka, na mgao wa stima hautufikirii. Hamse angeweza kuanzisha kanda katikati, lakini kila jioni kuna wateja wapya wanaotaka mwanzo wao, na ni haki yao. Kwa hiyo mwanzo tunaujua hadi mbwa wanavyobweka, na mwisho hakuna aliyewahi kuuona. Tunatoka nje, tunamzunguka mama wa mahindi ya kuchoma, na kila mtu anatoa maoni yake juu ya aliye ghalani.

Jumatano, 9 Agosti

Nimepita duka la dawa anakofanya kazi Soila. Nimenunua dawa ya minyoo. Wiki jana nilinunua ya kikohozi. Nikiendelea hivi nitakuwa na afya kuliko mtu yeyote Kitengela, na Soila atakuwa bado hajaniuliza jina.

Nilimsalimia kwa Kimaasai. Takwenya. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima. Akajibu iko, jibu la salamu hiyo, akaendelea kuhesabu vidonge. Kisha akauliza kama mimi ndiye yule wa maoni. Mimi ndiye! Akatoa chini ya meza riwaya nene aliyokodi kwa Hamse, yenye picha ya ngamia kwenye jalada. Akasema yeye ameshaisoma, na angependa kusikia mimi nimeionaje. Nikamwambia siku mbili zitanitosha. Nimeipima kwa mkono. Ina uzito wa kuku.

Halafu akaniuliza nadhani ni nani aliye ndani ya lile ghala. Sijui nilipatwa na nini. Nikasema mimi sidhani, mimi najua. Nimeiona filamu hiyo yote Nairobi, kwenye sinema kubwa, kiti laini.

Soila akaacha vidonge.

Basi ikabidi kuwe na mwisho. Nikautoa palepale kwenye meza ya dawa. Nikasema aliye ghalani ni ndugu mdogo mwenyewe. Hakuuawa. Aliondoka kwenda kutafuta maisha, akayakosa, akaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu, akamwomba mjane amfiche na watu waambiwe amekufa. Kofia nyeupe anamtazama. Anaweka bunduki chini. Anasema, "Njoo tule. Mengine kesho." Basi, filamu imekwisha.

Soila akajipangusa jicho kwa mkono wa koti lake jeupe. Akasema hiyo ni filamu nzuri sana. Nimerudi nyumbani sijui hata nimepitia wapi.

Ijumaa, 11 Agosti

Mwisho wangu umeenea kila mahali. Mama wa mahindi anausimulia kwa wateja wake na ameuongezea mama mzazi anayelia dirishani. Sikumkataza. Ni nyongeza nzuri. Hamse amenishika bega akaniita msomi. Sironka alikuwepo na alisikia. Nimelala mchana kwa raha, kama mtu ambaye kazi yake imeshapatikana.

Riwaya bado ninayo. Natembea nayo kwapani. Inanipa umbo la msomi.

Jioni Mbeke alirudi kutoka kiwandani Athi River. Mbeke hajawahi kukanyaga kwa Hamse. Anasema video ni ya watu wasio na kazi, na akisema hivyo huniangalia. Lakini leo, huku akikatakata mboga, alianza kunisimulia filamu waliyohadithiwa na wenzake kazini. Kofia nyeupe, mjane, ghala. Dada yangu ananisimulia mwisho wangu mwenyewe! Alipofika pale pa "njoo tule," aliweka kisu chini akajifuta macho. Akasema vitunguu vinamwasha macho. Hakukuwa na kitunguu. Alikuwa akikata sukuma wiki.

Nilitaka kumwambia. Nikasema tu kwamba filamu za siku hizi zina mafunzo makubwa kuhusu ndugu, na je, mambo ya Illasit yamefikia wapi? Akasema Illasit iko palepale.

Jumamosi, 12 Agosti

Sironka ni adui wa sanaa. Ameniuliza mbele ya kila mtu, kama huyo ndugu alikuwa amejifungia ghalani muda huo wote, ng'ombe walikuwa wakinyweshwa na nani. Akaniuliza na jina la hiyo sinema ya Nairobi. Nikasema limenitoka kidogo. Akasema aliye ghalani ni mwizi wa mifugo, anakohoa kwa vumbi la nyasi, na yeye amekutana na wengi wa namna hiyo.

Watu wamegawanyika. Kuna wa Muteti na kuna wa Sironka. Kinyozi amekataa kummalizia kumnyoa mtu wa Sironka, akamwacha na nywele upande mmoja wa kichwa. Hamse hapendi kelele dukani. Ametuma watu Kiserian kwa kaka yake wakamletee jenereta. Amesema, "Kesho tutaona mpaka mwisho, halafu nitamtaja mtu wangu. Nimechoka na nyinyi."

Jenereta. Nilikaa chini.

Lakini mimi huwa na mpango. Nilijitolea kwenda kununua petroli ya hiyo jenereta. Nia yangu ilikuwa kurudi nayo baada ya wiki moja. Hamse alifurahi, akasema hivyo ndivyo kijana anavyopaswa kuwa. Sironka akasema atanisindikiza.

Tumekwenda wote na kurudi wote. Yeye alibeba mtungi, mimi nilibeba riwaya. Njiani akaniuliza inahusu nini. Nikamwambia inahusu ngamia. Akaniangalia kwa heshima kwa mara ya kwanza, akauliza wako wangapi.

Jumapili, 13 Agosti

Naandika usiku huuhuu, kabla sijasahau.

Kwa Hamse palijaa hadi mlangoni. Soila alikuja na shali nyekundu. Na nani mwingine akaingia, na viatu vyake vya kanisani? Mbeke! Amekuja kuona kwa macho yake ile sehemu ya "njoo tule." Akashangaa kunikuta, kisha akakumbuka kwamba mimi ni mtu asiye na kazi.

Kofia nyeupe alifika ghalani. Kikohozi. Bunduki. Stima ikapotea. Nikashusha pumzi. Halafu nje jenereta ikanguruma, televisheni ikawaka, na mlango wa ghala ukafunguka.

Ndani kulikuwa na jizee lenye ndevu. Hatujawahi kuliona tangu filamu ianze. Kofia nyeupe akalipiga risasi. Jizee likaanguka. Kofia nyeupe akapanda farasi, akaenda zake, muziki ukapigwa, majina yakaanza kupanda. Hakumuaga hata mjane.

Kisha Sironka akauliza kwa sauti ya chini, "Na ng'ombe?" Ng'ombe hawakutajwa tena.

Ndipo vichwa vyote vikanigeukia. Nikaeleza kwamba kanda ya Nairobi ilikuwa tofauti, ndefu kidogo. Hakuna aliyeamini, hata mimi sikujiamini. Mtu mmoja akasema nirudishwe nilikotoka. Nikaona vitunguu, mstari kwa mstari, hadi kwenye mpaka wa Tanzania.

Mama wa mahindi akasimama. Akasema yeye hataki kujua nani amedanganya. Anachojua ni kwamba amekaa wiki tatu kwenye moshi akingoja mwisho, na huu si mwisho, huu ni utovu wa adabu. Akasema Muteti apande benchi aseme ule wa ndugu. Watu wakapiga makofi. Hata kinyozi.

Nikapanda. Nikausema mwisho wote, pamoja na mama mzazi dirishani. Nilipofika mwisho sikuthubutu kuangalia upande wa Mbeke.

Hamse akatoa uamuzi. Nairobi ataenda Sironka, kwa sababu mtu anayeona visivyokuwepo atanunua visivyokuwepo, na Sironka huko anaenda na mbuzi zake kila wiki hata hivyo. Kisha Hamse akasema mgao utaendelea hadi mvua irudi, na jenereta ni ya kaka yake, kesho inarudi Kiserian. Kwa hiyo kila jioni stima ikipotea, mimi nitapanda benchi niimalize filamu. Kwa mshahara. Sharti ni moja tu: niseme wazi kwanza kwamba mwisho ni wangu, nimeutunga. Nikaapa mbele ya wote. Sironka akanipa mkono. Akaniomba tu niwe nakumbuka maji.

Tumetembea na Mbeke kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshapanga maneno kuhusu sinema ya Nairobi, lakini yalikataa kutoka. Alifungua mlango, akawasha taa ya mafuta, akapakua ugali na sukuma wiki sahani mbili. Begi langu la Illasit lilikuwa limefungwa, limesimama kando ya kitanda. Akalisukuma kwa mguu hadi uvunguni.

Akasema, "Njoo tule. Mengine kesho."

Nimekula nikilia. Na leo pia hakukuwa na vitunguu.

Jumatano, 16 Agosti

Siku ya tatu kazini. Watu wanajaa. Jana filamu ilikuwa ya mashua iliyopotea. Nilipopanda benchi nilikumbuka kabisa sharti la Hamse, lakini watu walikuwa wametulia vizuri sana, na maneno "nimetunga" yanapunguza joto. Nikasema hii niliiona Nairobi. Mara moja haidhuru.

Leo nimepita kwa Soila. Nimenunua bandeji. Akaniuliza kama nimemaliza riwaya. Nikasema nimemaliza usiku wa kuamkia leo, na kwamba ule mwisho ulinitoa machozi. Akasema hata yeye alilia sana, hasa pale mwalimu anapovuka mto. Nikasema, jamani, ule mto! Hapo ndipo niliposhindwa kabisa kujizuia. Akaniangalia kwa muda, akatabasamu, akaniomba Jumamosi nije na maoni kamili, ataninywesha chai. Chai! Na Soila!

Nimefika nyumbani nimefungua riwaya nitafute huo mto. Kurasa za mwisho hazipo. Zimeng'olewa zote. Nimekimbia kumuuliza Hamse. Anasema kitabu kiliingia na gunia kikiwa hivyohivyo, na Kitengela nzima hakuna kingine. Nimepekua na zile zilizobaki. Hakuna mwalimu. Hakuna mto. Ni jangwa tupu na ngamia, mwanzo hadi pale palipong'olewa.

Nimekaa nikafikiri sana. Maana yake ni moja. Soila hajaisoma. Amelilia mto ambao haupo, bila kupepesa macho, mchana kweupe, akiwa na koti jeupe. Maisha yangu yote nimemtafuta mtu kama huyu.

Nimeanza kumwandikia huo mwisho. Mwalimu ameshaingia, mto umefurika, ngamia wamenyweshwa. Jumamosi nitamwambia nakala nzima nimeiona Nairobi.