Pengo la Heshima

Umma wa Muleba ulitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichoazimwa parokiani, kwamba Idara ya Uratibu wa Masuala Mtambuka imeingia rasmi katika zama za mtandao usiotumia waya. Tangazo lilirudiwa mara mbili upande wa sokoni. Upande wa stendi lilisomwa mara moja tu, kwa sababu kule makondakta wana sauti kubwa kuliko spika.

Aliyeliandika ni Bwana Anatory Kyaruzi, Mratibu Mkuu, mtu aliyekuwa akijiandaa maisha yake yote kwa cheo kimoja: Mratibu wa Kanda, mwenye ofisi Bukoba mjini na nyumba ambayo hata ukiwa bafuni unaliona ziwa. Sasa cheo kilikuwa wazi. Usaili ungefanywa kwa video, na jopo lilikuwa limeeleza kwamba mwombaji atahojiwa akiwa kituoni kwake, kwa mtandao wa ofisi yake, ili umahiri wake katika TEHAMA uonekane wenyewe bila kuulizwa. Anatory aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wake wote. Mke wake alikuwa ameshakwenda Bukoba kimyakimya kupima madirisha, na kitambaa cha mapazia kilikuwa kimeshanunuliwa.

Kwa asiyejua, suala mtambuka ni lile ambalo ofisi mbili zimekwisha kulikataa. Chukua la Ma Kokuberwa. Nguzo ya umeme iliangukia mibuni yake. Watu wa umeme wakasema hilo ni suala la mibuni, watu wa kilimo wakasema ni suala la nguzo. Hapo ndipo Idara inapoingia: inalipokea suala, inalitambua kwamba ni mtambuka, na inamkaribisha mwenye nalo aketi barazani hadi muhuri utakapopatikana. Muhuri wenyewe ulikuwa mfukoni mwa koti la Anatory, na haukuwahi kupotea hata siku moja.

Basi akaja fundi. Aliitwa Evelyne, mwenye duka la vifaa vya mtandao kule Kashai, Bukoba mjini, na alishuka kwenye basi la asubuhi na visambaza mtandao sita ndani ya boksi la sabuni. Vilikuwa vyeupe, bapa, mithili ya sahani za wageni. Angevifunga siku hiyohiyo akarudi kwake, lakini Anatory aliona istilahi za kitaalamu haziwezi kuachiwa zitembee hovyo ofisini kabla hazijafafanuliwa. Akaunda kamati.

Kamati ilianza na neno la siri. Iliamuliwa litunzwe na mhasibu ndani ya kasha la fedha, na atakayelihitaji aombe kwa maandishi akieleza atalifanyia nini. Ikaja hoja ya mtandao wa wageni, ambao Evelyne alisema ungewafaa wananchi wa barazani. Hoja ilianguka. Mwananchi hawezi kuitwa mgeni, alieleza Anatory, kwa sababu mgeni hupewa soda.

Kisha wakafika kwenye chaneli.

"Chaneli ni njia ya mawimbi," Evelyne alisema. "Ziko kumi na tatu."

"Na ya kwanza ndiyo bora," alisema Anatory.

"Hapana, mzee. Hakuna iliyo bora, hizo ni namba tu. Ila zinapandana. Ya kwanza inaingia kwenye ya pili, ya pili kwenye ya tatu. Mkizipanga zimebanana, itakuwa kama watu wote mnaongea pamoja humu ndani, hakuna atakayemsikia mwenzake. Tuziachanishe. Moja, sita, kumi na moja. Wengine mtashirikiana."

Kalamu zikawekwa mezani.

"Nani ashirikiane na nani?" aliuliza Bwana Joackim Lwakatare, Naibu Mratibu, ambaye naye alikuwa ameomba kile cheo cha Bukoba, ingawa alimwambia bosi wake kwamba ameomba ili kumsindikiza tu.

"Kwa mfano mzee na mhasibu wanaweza kuwa wote kwenye ya kwanza."

Bi Evodia, mhasibu, alivua miwani. "Mimi na Mratibu Mkuu, chaneli moja? Mume wangu ni mzee wa kanisa."

"Basi Naibu awe kwenye ya sita."

"Ya sita!" Joackim alisimama. "Jana nilikuwa mtu wa pili katika ofisi hii. Nimefanya kosa gani?"

Evelyne akajaribu mara ya mwisho. Alisema vifaa hivyo vina akili, vikiachwa vitajichagulia vyenyewe chaneli iliyo wazi. Anatory alimwangalia kwa huruma, kama baba anavyomwangalia mtoto aliyeuliza kwa nini askofu asipange foleni ya maji.

"Binti yangu," alisema, "mashine haijui muundo wa utumishi."

"Sawa, mzee. Ofisi ni yenu."

Chaneli zikagawiwa kwa ngazi ya mishahara. Ya kwanza kwa Mratibu Mkuu, ya pili kwa Naibu, ya tatu kwa mhasibu, ya nne kwa utumishi, ya tano kwa masjala. Kikabaki kisambazaji kimoja, ambacho wafadhili waliovilipia vyote sita waling'ang'ania kiwekwe barazani kwa wananchi. Kwa hesabu ya kawaida hicho kingekuwa cha sita. Lakini mkuu wa masjala alinung'unika kwamba yeye na wananchi watakuwa wamegusana, na hakusoma miaka yote ile ili agusane. Kamati ikaona ana hoja. Ikapitisha kwamba kati ya mtumishi wa mwisho na mwananchi wa kwanza pawepo pengo la heshima, na wananchi wakasukumwa hadi chaneli ya kumi na tatu, mwisho kabisa, ambako hakukuwa na mtu yeyote wa kuwasumbua.

Evelyne alifunga alivyoambiwa, akala ndizi zake kwa mama lishe wa jirani, akawahi basi.

Ilibaki nidhamu ya barazani, na hilo Anatory alilishughulikia kwa waraka wenye muhuri, akaubandika ukutani juu ya benchi. Atakayetumia mtandao wa wananchi lazima awe ameketi benchini. Kiti cha kubeba kutoka ndani hakiruhusiwi. Na kwa kuwa Idara haina mtumishi wa kupanga watu, mwenye mamlaka ya kusema nani akae wapi ni yule aliyesubiri muda mrefu kuliko wote. Mamlaka hayo yalimwangukia Ma Kokuberwa, ambaye aliusoma waraka taratibu, neno kwa neno, akauhifadhi kichwani kama mtu anayeweka akiba.

Mtandao ukawashwa. Ule wa watumishi ulikuwa mtulivu sana, yaani haukwenda popote. Barua pepe ilitumwa asubuhi ikafika ng'ambo ya ukuta kesho yake. Bi Evodia alimlaumu Joackim kwa kutumia mtandao vibaya, Joackim akalaumu masjala, na masjala, kwa kuwa hawakuwa na mtu wa chini wa kumlaumu, walilaumu mvua. Barazani, wakati huohuo, watu walikuwa wanaongea na watoto wao walioko Mwanza huku wakiwaona hadi meno. Wavuvi wa Kemondo waliuliza bei ya samaki wakajibiwa papo hapo. Vijana wa bodaboda walianza kubuni masuala mtambuka ili wapate kuketi. Benchi likajaa, likaongezwa la pili, na Anatory aliripoti ngazi za juu kwamba imani ya wananchi kwa Idara imeongezeka maradufu.

Siku ya usaili alivaa suti ya harusi yake. Alifunga mlango, akafungua kompyuta, akapiga. Akaona paji la uso la mwenyekiti wa jopo. Kidevu kilichelewa. Sauti ikaja: "Bwana Kya... ku... una... ya nini?" kisha paji lenyewe likaganda.

Akamtuma mhudumu mbio: watumishi wote wazime visambaza mtandao vyao mara moja. Majibu yalirudi kwa maandishi, kama utaratibu unavyotaka. Naibu alieleza kwamba usaili wake unafuata muda si mrefu, yuko kwenye majaribio, na chaneli yake anayo kwa mujibu wa uamuzi wa kamati ambayo mwenyekiti wake ni Mratibu Mkuu mwenyewe. Mhasibu alisema akiizima ya tatu patatokea pengo kati ya pili na nne, na mkaguzi atalihoji. Anatory aliyasoma majibu hayo na, hata katika taabu ile, aliona kwamba yameandikwa vizuri. Yeye ndiye aliyewafundisha.

Akaibeba kompyuta akatoka nje.

"Ma Kokuberwa, naomba nafasi."

"Karibu Ta Anatory, waitu," alisema kwa adabu ya Kihaya. "Mwisho wa foleni ni kule kwenye ndoo."

"Mama, mimi ni Mratibu Mkuu."

"Nakujua. Nimekuwa nikikuona unapita hapa tangu kahawa ilipokuwa maua. Sasa tumeshavuna, nyingine imeozea chini ya nguzo."

"Hii ni dharura."

"Hata yangu mwanzoni tuliiita hivyo." Alinyoosha kidole kwenye waraka. "Na muhuri ni wako."

Watu wa benchini walimtazama kwa heshima yote, lakini hakuna aliyenyanyuka. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Anatory aliogopa, na aliogopa vibaya, kwa sababu aliyaona yale mapazia. Ma Kokuberwa alimwacha aogope kidogo, kisha akasogea.

"Kaa hapa mwanangu. Wakimalizana na wewe, utaniangalizia nguzo yangu." Akampa kahawa kavu za kutafuna, kama mgeni yeyote.

Picha ilikuja safi kabisa. Wajumbe watatu wa jopo, na maua ya plastiki mezani kwao. Wao nao walimwona: Anatory, na nyuma yake mkungu wa ndizi, jogoo kwapani mwa mtu, na nyuso za watu waliosogea ili nao wahojiwe.

"Bwana Kyaruzi," alisema mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kazi, "uko wapi hapo?"

Mtumishi mdogo angesema ukweli. Anatory alimeza kahawa, akapandisha mabega.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Idara ilishavuka dhana ya ofisi yenye kuta. Nimeisogeza huduma iwafikie walengwa. Hapa ndipo ninapofanyia kazi."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mheshimiwa."

Mtu mwenye jogoo alipaliwa. Mwenyekiti akamwomba yule mama aliye pembeni aseme neno. Je, kweli huyu bwana hukaa nao?

Ma Kokuberwa alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo, hasa mbele ya watu waliovaa tai.

"Tuko naye hapa," alisema.

"Na wewe una shida gani, mama?"

Akaieleza nguzo, mibuni, ofisi mbili, na benchi. Ilichukua muda mfupi kuliko ilivyotarajiwa.

"Bwana Kyaruzi," alisema mwenyekiti, "hilo linahitaji nini?"

"Muhuri, Mheshimiwa."

"Uko wapi?"

Hakukuwa na njia. Anatory aliutoa muhuri mfukoni, akagonga karatasi ya Ma Kokuberwa juu ya goti lake mwenyewe, na jopo zima likapiga makofi. Makofi yalifika Muleba bila kukatika hata moja.

Joackim alihojiwa baadaye ofisini kwake, kwenye chaneli ya pili. Picha yake iliganda alipotabasamu kusalimia, na sauti haikutoka tena. Jopo liliuhoji uso huo uliotabasamu hadi muda ukaisha. Katika taarifa yao waliandika kwamba mwombaji hakumkatiza mtu, hakubabaika hata kwa swali la bajeti, na hakutoa ahadi isiyotekelezeka. Tangu jopo liundwe, walikuwa hawajamwona kiongozi mwenye utulivu wa namna hiyo.

Joackim akaenda Bukoba.

Anatory naye hakusahaulika. Alipewa pongezi za maandishi, na baraza ile ya mabenchi ikatangazwa kuwa mfano wa kuigwa. Ili mfano huo usififie, yeye atabaki palepale benchini, kila siku kama alivyosema, hadi itakapoelekezwa vinginevyo. Chumba chake kiligeuzwa stoo ya maboksi, na muhuri ukahamishiwa Kanda.

Alikata rufaa. Utumishi wakamjibu kwamba chanzo cha jambo hilo ni mtandao, aende TEHAMA. TEHAMA wakamjibu kwamba linahusu mtumishi, arudi Utumishi. Ofisi mbili zilipokwisha kulikataa, rufaa ikatambuliwa, kwa usahihi kabisa, kuwa suala mtambuka, ikarudishwa Idarani Muleba ili mwenye nayo asubiri muhuri.

Nguzo ya Ma Kokuberwa ilishaondolewa, na mamlaka ya benchi yakaenda kwa mzee Alexander, aliyekuwa wa pili kwa kusubiri. Asubuhi Anatory alipofika na bahasha ya rufaa yake, mzee alimpokea kwa ukarimu na kumwonyesha mahali pake, kule kwenye ndoo. Akaketi. Simu ikalia: mke wake, kwa video, amesimama sebuleni na kitambaa kimetandazwa mikononi.

"Baba Annastella, haya mapazia niyafanye nini sasa?"

Anatory aliisogeza simu karibu na macho. Mtandao ulikuwa mzuri mno. Aliona kila ua kwenye kile kitambaa.