Upande Unaong'aa

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika! Bati likikatwa hubaki na vijimeno vya chuma ukingoni, vikali kama wembe. Miaka kumi na moja nimevisugua kwa tupa mpaka mabega yamegoma. Sasa unaingiza bati huku, mkanda wa msasa unavinyoa, brashi zinalainisha kingo, bati linatokea kule. Wewe umesimama tu! Bosi anasema mwendeshaji atakuwa mmoja: mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Ataamua Jumamosi. Nimeshamwambia mke wangu kazi ni yangu. Akafurahi, akampigia mama yake. Basi, hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kanivuta pembeni. Eti msasa unagusa upande wa juu tu, kwa hiyo vijimeno viwe juu. Asante, profesa! Mashine ya bei ile ishindwe kujua vijimeno viko wapi? Nimepitisha milango arobaini ya kabati, upande unaong'aa juu, vijimeno chini, ili ipendeze. Imetoka imefubaa kidogo. Itang'aa tena.

Jumatano, 5 Machi

Bosi hukagua kwa soksi kuukuu. Anaiburuta ukingoni, ikinasa, mlango unarudi. Imenasa mara arobaini. Nimemweleza kwa heshima zote kwamba tatizo ni soksi. Alivua nyingine mguuni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepaka grisi kingo zote. Soksi ikateleza! Bosi akanipiga begani, akasema hakutegemea. Nikapita mbele ya shemeji mara tatu bila shughuli yoyote. Kisha bosi, kwa furaha, akaketi juu ya rundo la milango yangu anywe chai. Alipoinuka, nusu ya suruali ilibaki. Mimi sikucheka. Waliocheka nawajua.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu ameishona suruali ya bosi. Heri angegomba. Mwishowe akauliza kama mama yake bado aje Jumapili kunipongeza. Niliona aibu, kusema kweli. Bosi amenipa nafasi ya mwisho: milango thelathini, kesho asubuhi. Soksi ikinasa hata mara moja, narudi kwenye tupa na mashine ni ya shemeji.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewahi karakana kabla ya wote. Makubwa! Kila mlango umeandikwa kwa chaki: "Huu juu." Mwandiko wa shemeji. Mlinzi anasema alikuja alfajiri, dada yake kamlilia anisaidie. Anisaidie! Mtu anayeitaka mashine hiyohiyo? Kanionaje huyu? Nimefuta chaki yote, nikaigeuza milango yote thelathini, nikaipitisha. Upande unaong'aa juu.

Bosi huyo anaingia, soksi mkononi. Nimeshamtumia mke wangu ujumbe: mama aje.