Kesi ya Ukristo wa Davis

Jumapili baada ya misa, katekista alitamka kuwa ubatizo wa Wamormoni hautambuliwi na kanisa letu. Alikuwa anamjibu mtu mmoja tu, lakini kufikia alasiri swali lilikuwa limeshakuwa la mtaa wetu mzima wa Rusimbi. Baraza tukufu la kahawa likaketi kwa dharura, juu ya benchi la miguu mitatu na tofali, ili kuamua nani ni Mkristo duniani. Mwenyekiti alikuwa Mwinshehe, Mwislamu, kwa sababu ndiye mwenye birika. Mimi, niliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, nilijiteua kuwa katibu.

Mwenye shida alikuwa Mzee Nikodemu, tunayemwita Chumvi kwa kuwa anauza dagaa wa Kibirizi. Davis, mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa hapa kutoka Iringa, ni Mmormoni, na alikuwa amemposa Leonia, binti wa Chumvi. Alasiri hiyo alikuwa anakuja kuchukua jibu.

"Niamulieni kabla hajafika," Chumvi alisema. "Ni Mkristo au siye? Kama siye nimkatalie. Lakini mama Leonia ameshanunua kitenge."

Castory, ambaye jina lake la kijiweni ni Kanuni, alikohoa kama hakimu. "Siye. Wana kitabu cha nyongeza. Halafu wanasema Baba, Mwana na Roho ni watatu mbalimbali."

"Sisi tukiuliza hesabu hiyo mnanuna," Mwinshehe alisema. "Naomba nisiiguse. Nikiigusa mtahama birika."

Nehemia, Msabato anayekuja kijiwe cha kahawa kunywa maji ya tangawizi, aliinua kidole. "Kanuni, mwaka jana si ulinifukuza mimi kwenye Ukristo kwa sababu ya Jumamosi?"

"Nilishakusamehe."

"Na mchungaji wa walokole ukamfukuza kwa sababu ya spika."

"Ile spika haikuwa ya Kikristo, kaka! Usiku kucha?"

"Kwa mwendo huo, mbinguni utakuwa unafagia peke yako."

Kanuni hakutikisika. "Sheria ni sheria. Leonia akiolewa na Davis, inaombwa kwa askofu ruhusa ileile ambayo ingeombwa kama angeolewa na Mwinshehe."

Birika likasimama hewani. "Kumbe mimi na Davis tuko foleni moja?" Mwinshehe aliuliza. "Miaka yote hii hakuna aliyenidokeza!"

"Mimina kahawa, wewe!" Chumvi alimfokea.

Hapo Davis akatokea, shati jeupe, tai imenyooka kama reli. "Shikamooni wazee."

"Marahaba." Waliitikia wote, hata Kanuni, kwa sauti ya mtu anayepokea barua ya mahakama.

Kwa unyenyekevu mkubwa nilimsogezea kikombe cha kahawa.

"Asante, mdogo wangu. Kahawa situmii."

"Mmeona!" Kanuni aliruka.

"Yeye na Nehemia ni dhehebu moja," Mwinshehe alisema kwa uchungu. "Dhehebu la kunifilisi."

Davis alitabasamu. "Wazee, jina lenyewe la kanisa letu ni la Yesu Kristo."

"Hata mtumbwi wangu umeandikwa Yesu ni Bwana," Nehemia alisema, "na unavuja vilevile."

Tulicheka, Davis naye akacheka. Kanuni akaona kesi inamponyoka, akatoa kombora lake la mwisho. "Mzee Chumvi, muulize habari za wafu! Hawa wanabatiza wafu!"

Chumvi aliweka kikombe chini. "Wafu?"

"Ndiyo, Mzee," Davis alijibu. "Ndugu wa marehemu akiridhia, mtu aliye hai anabatizwa kwa niaba yake."

"Baba yangu yuko Ilagala," Chumvi alisema taratibu. "Alikufa hajabatizwa. Kanisani walikataa hata kumpigia kengele."

Kanuni alianza kuchunguza viatu vyake.

"Na kama hataki?" Chumvi aliuliza.

"Halazimishwi. Huko aliko anaulizwa. Anaweza kukubali, anaweza kukataa."

"Na pombe?"

"Hairuhusiwi, Mzee."

Chumvi alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Basi atawakatalia mchana kweupe! Baba yangu aiache pombe ya ndizi? Thubutu!" Akaokota kofia, akaipangusa vumbi kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe lilivyostahili. "Lakini mtakuwa mmemuuliza. Sisi hatukumuuliza kitu." Akasimama. "Davis, twende nyumbani. Mtoto nimekupa. Ya askofu atayashughulikia Kanuni, si anazijua sheria?"

"Hee, subiri!" Kanuni alipiga kelele. "Baraza halijaamua! Huyu ni Mkristo au si Mkristo?"

Chumvi alishamshika mkwewe mkono. Alijibu bila kugeuka.

"Tutamuuliza baba. Yeye ndiye aliye karibu na Mwenye jibu."