Kitufe cha Marlys

Jumanne, 3 Juni
Redio imekufa tena hewani. Nilifuata kadi ya mke wangu Marlys, wino wa zambarau: weka namba 7600 ili rada ijue huna redio, zunguka uwanja, tazama mnara wa kuongozea ndege. Taa ya kijani ikawaka: ruhusa ya kutua. Ndege zote zikanipisha, hata ya Duane Tveit, asiyempisha mtu hata kanisani. Nimefurahi kidogo. Mara ya kwanza tangu Februari, tulipomzika.

Miaka thelathini na moja Marlys ndiye aliyeongea na mnara. Mimi nilishika usukani tu. Siku hizi nikishavuka mto huvaa hedifoni yake, bado inanukia mafuta ya nywele, na kubonyeza kitufe chake cha kuongelea, si changu. Kinanata. Jemu yake.

Alhamisi, 5 Juni
Fundi Lorna hasaini ukaguzi wa mwaka hadi redio ipone. Bila saini, kuanzia Jumapili ndege haitoki bandani, na mimi sina mahali pengine pa kukaa na Marlys. Ameijaribu kwa hedifoni yangu na kitufe changu: nzima. Nikasema labda ni baridi. Akauliza, mwezi wa sita huu, mzee?

Mpango. Jumamosi marubani tunakula pankeki uwanjani. Anayetua kwanza hula za moto. Kila mwaka ni Duane. Safari hii nitaweka 7600 hata redio ikiwa nzima.

Jumamosi, 7 Juni
Nilivuka mto, nikabonyeza, nikamsimulia Marlys mpango wote. Kimya kizuri. 7600. Kijani. Wa kwanza!

Hakuna aliyenipa sahani.

Lorna alinivuta kando. Kitufe kiliganda kikiwa kimebonyezwa, mzee wangu, kikaziba redio za wote. Robo saa nzima hakuna aliyesikia kitu isipokuwa wewe. Pankeki, Duane, kanisa, vyote. Mnara ulimwita Duane aondoke njiani mwa ndege nyingine, hakusikia. Walipishana kwa urefu wa trekta.

Duane alitua uso umekuwa majivu. Nilingoja matusi. Aliniletea pankeki mbili, zimepoa, akasema na yeye anamkumbuka Marlys, lakini nusura nimuue.

Sikuzimaliza.

Jumapili, 8 Juni
Lorna amenipa spiriti na kitambaa nisafishe kitufe. Nilikaa nacho muda mrefu. Ni jemu ya cheri za porini, ya mwisho aliyopika. Alikuwa anakula mkate tukivuka mto, akalamba kidole, akauambia mnara tunakuja.

Nikasafisha kitufe changu, chake nikakiacha.

Lorna akakibonyeza, akasikiliza, akaniuliza kama nimesafisha vizuri. Nikasema kinang'aa. Kweli kinang'aa. Akasaini.

Mchana nikaruka. Nilipovuka mto nikavaa hedifoni yake, nikabonyeza, nikamsimulia Marlys nilivyomzunguka Lorna. Kimya kizuri. 7600. Kijani.

Lorna alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, redio ya banda ikikoroma nyuma yake, kalamu mkononi. Pengine alisahau kuandika tarehe.