Nilivyojikaza Kwenye Kipimo cha Masikio

Sikilizeni jamani, ila msicheke kwa sauti. Leo nimeumbuka.

Masikio yangu yanalia. Mlio wa nyenje, usiku na mchana, na nyenje hayupo. Wengi wenye tatizo hili hupata na la pili: sauti za kawaida zinawaumiza. Kwangu mimi ni kinu. Mke wangu, Mama Shani, akitwanga mihogo, kila mchi ukitua ni kama umetua utosini kwangu. Nimemfokea mpaka siku hizi anajitwika kinu anakwenda kutwanga kwa jirani. Na haamini kama naumwa. "Masikio hayana kitu. Ni roho yako tu."

Basi leo tumetoka Ruangwa pamoja mpaka Nachingwea, kwa mpimaji wa masikio. Nilitaka Mama Shani ajionee mwenyewe.

Mpimaji, binti mpole, akanivisha hedifoni. "Baba, sauti itapanda taratibu. Ikianza tu kukukera, nyoosha mkono. Siyo mashindano."

(Aliniambia kabisa! Siyo mashindano!)

Tatizo, mimi nimepita jandoni, kijijini Malolo. Kule tulifundishwa: ukiumia, tazama mbele. Sauti ikapanda. Ikakera. Nikatazama mbele. Ikachoma. Nikauma meno. Mke wangu ananiangalia, mkono nitaunyooshaje?

"Baba, mbona machozi?"

"Vumbi."

"Humu ndani?"

"Endelea, mwanangu."

Mwisho akanivua hedifoni. "Hongera, baba. Sauti kubwa unazihimili vizuri. Sioni tatizo."

Nikatabasamu (mjinga mimi). Kisha nikamsikia Mama Shani upande wa pili: "Si nilisema? Kinu kinarudi nyumbani leo hii!"

Sijafungua mdomo, mhudumu akadondosha trei ya chuma hapo mlangoni. Kwangalaa!

Nilijikuta chini ya meza, kichwa nimekifunika kwa khanga ya Mama Shani. Naye bado ameivaa.

"Niachie nguo, Baba Shani! Watu wanaona!"

Kweli, wagonjwa wote walikuwa wamejaa mlangoni. Mpimaji akainama. "Baba, na hili nalo vumbi?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Mama Shani peke yake hakucheka. Alichuchumaa, akaniambia polepole, "Kumbe inauma hivi? Sasa mbona umeulizwa ukanyamaza?"

Nyumbani nafoka kwa kila kifuniko kinachoanguka. Nilipoombwa kwa upole niseme inauma, nikajifanya shujaa. Na yeye kila siku na kinu kile kizito kichwani. Najuta, jamani.

Tukarudia kipimo. Safari hii nilinyoosha mapema, na Mama Shani akaona. Tatizo lipo, na binti amesema masikio yanaweza kuzoezwa kidogo kidogo. Wakati wa kutoka, nilimwomba Mama Shani msamaha. Akasema kuanzia leo kinu nitakibeba mimi mpaka kwa jirani.

Nawe ukienda kupimwa, usijikaze: ikianza kukera, nyoosha mkono.